Mkabaji Mpole

Mulwa alikuwa amefika chuoni kuichagulia klabu kubwa ya raga mkabaji mmoja, mtu wa kumwangusha mwenye mpira kabla hajampasia mwenzake. Shiundu, mwanafunzi aliyekuwa mazoezini, alimpendeza mara moja. Alikuwa na kifua kipana na mbio za paa, lakini kila alipomfikia mwenye mpira alimkumbatia na kumlaza chini taratibu, kama mtu anayetua mtungi uliojaa maji.

Mulwa akamwita kando ya uwanja. "Mbona unamwonea huruma yule uliyemlaza sasa hivi?"

"Ni Ambani, mzee. Tunakaa chumba kimoja."

"Klabu haitafuti wapole. Mvamie kama humjui."

Shiundu akarudi uwanjani. Ambani alipopata mpira tena, Shiundu alimvamia kwa nguvu zake zote, na mlio wa mfupa wa bega la mwenzake kuvunjika ukasikika hadi kwenye viti vya watazamaji. Mulwa alikuwa keshasimama kwa furaha, mikono juu, kabla hajaelewa alichokisikia. Akaishusha mikono, haya imemjaa.

Alipowafikia, Shiundu alikuwa amepiga magoti, analia. Mulwa alitaka kuomba radhi. Kilichomtoka ni, "Tumekuchukua."

Shiundu hakuinua uso. Ni Ambani aliyefumbua macho pale chini.

"Kweli, mzee? Mmemchukua?" Akanyoosha mkono wake mzima, akaushika wa Mulwa. "Ahsante sana."

Machela ikaletwa. Ambani hakuuachia ule mkono, naye Mulwa hakuthubutu kuuchomoa. Akawa anatembea kando ya machela, ameinama, wakiuvuka uwanja kuelekea langoni.