Vebena Imezidi

Mama Perrachon aliinamia sufuria ya krimu, akavuta pumzi ndefu, na kama ilivyokuwa tangu mafua ya majira ya baridi, hakusikia harufu yoyote.

"Vipi, Mama?" aliuliza Solange, mke wa mwanawe.

"Itafaa. Kwa mikono kama yako, tushukuru."

Pua yake ilikufa, ikaenda na ulimi. Hakumwambia mtu. Pale Lyon watu hawakuja mkahawani kwake kufuata viti. Walifuata ulimi wake. Siku ukijulikana umekufa, jiko lingekwenda kwa mkamwana huyu ambaye hakumpenda tangu siku ya harusi. Kwa hiyo sasa alionja kwa macho.

Alikuwa amemtazama Solange akipukuta vebena, majani yale yanayonukia kama ndimu, na kutumbukiza konzi nzima katika krimu ya moto. Mapichi mekundu yalitokota taratibu katika mvinyo na sukari. Majani ni mengi mno, alijisemea Mama Perrachon. Hukumu yake ilikuwa tayari hata kabla krimu haijagandishwa.

Bastien, mume wa Solange, aliingia akakunja uso mbele ya sufuria ndogo iliyofunikwa pembeni.

"Mnapika nini humu?"

"Supu yangu ya jioni," alijibu Solange, akafungua dirisha.

Krimu iligandishwa katika bati kubwa la wageni na kibati kidogo cha Mama. Ndiyo desturi ya nyumba: kila Jumapili sahani ya kwanza ni yake, na hakuna anayeinua kijiko kabla hajatamka neno.

Jumapili ilipofika, sahani iliwekwa mbele yake. Krimu nyeupe iliyoganda, nusu ya pichi juu yake, sharubati ikichuruzika. Wageni walimtazama. Bastien alisimama nyuma ya kiti cha mamake. Mwaka jana Mama Perrachon alimlazimisha Solange kumwaga kila kitu mbele ya watu hawa hawa, na leo alitamani kuliona tena chozi lake.

Aliweka kijiko mdomoni. Baridi tu. Alifumba macho, akachelewa makusudi kama zamani.

"Vebena imezidi," alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Kila mwaka nakwambia, bibie, hapa hatufui nguo. Hii ni sabuni."

Mgeni mmoja alicheka kwa mazoea. Solange aliinamisha kichwa, na Mama Perrachon akahisi raha ikimtambaa mwilini. Amepita. Jiko bado lake.

"Una hakika, Mama?" aliuliza Solange.

"Ulimi huu haujanidanganya tangu wewe hujazaliwa."

Bastien aliinama, akachukua kijiko kutoka mkononi mwa mamake, akachota katika sahani ile ile. Alionja. Alimeza kwa shida, kisha akamtazama mkewe.

"Nisamehe," alisema. "Uliponiambia, sikukusadiki."

Ndipo akaweka mkono begani kwa mamake.

"Mama, hiki ni kitunguu saumu."