Dawa ya Bwawa

Nilidondosha dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji ya bwawa, nikakitikisa, nikakiinua juani. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi. Haya hayakubadilika hata chembe.

"Mama, jana waliogelea wangapi?" nikamuuliza mwenye nyumba.

"Hakuna. Tangu mwanangu afariki, nani aingie humo?"

"Basi bwawa lako linakula dawa kuliko mgonjwa! Jana nilitia ya kutosha, nikafunika turubai jua lisiiunguze. Klorini haiishi hivi hivi, mama. Inaliwa na jasho, na mafuta ya ngozi. Kuna mtu anaingia."

Alikuwa anakunja taulo dogo la mtoto, pole pole, pembe kwa pembe.

Nami nikakumbuka turubai. Asubuhi hii nilikuta kamba zake kama nilivyoziacha, kila fundo ni langu, halijaguswa.

Nikaona nisibishane. Nikafungua ndoo ya klorini, nikachota mara mbili ya jana.

Akanidaka mkono.

"Usizidishe, fundi," akaninong'oneza. "Ya jana tu ilimwasha macho, akalia mpaka kumekucha."