Mikono ya Athumani

Sheria iliruhusu ustadi wa mpiga gitaa aliyefariki uhamishiwe katika vidole vya kijana, mradi mjane wake aridhie. Akikataa, ustadi huo ulifutwa. Bi Mwanakheri wa Tanga alikuwa ameazimia kukataa. Hata hivyo alimkaribisha Tausi, kijana aliyepewa ustadi wa mikono ya marehemu mumewe, Athumani, kwa majaribio ya siku moja, apige wimbo mmoja sebuleni.

Ulikuwa muziki wa mawimbi, mtindo wa zamani wa gitaa usio na mwimbaji, ambao vijana walikuwa wameufufua baada ya miaka mingi. Nyuzi zilitetemeka kwa kasi, mwangwi ukapanda kama maji yanayojaa, na Bi Mwanakheri akajiona tena msichana wa viatu vya kisigino, akicheza mbele ya jukwaa.

"Hapo ndipo alipokuwa akikosea," alisema.

"Nami nimekosea, Bibi. Mikono imekataa kusahihishwa."

"Mkaidi yule! Hata kaburini hashauriki."

Walicheka. Wimbo ulipokwisha, mkono wa Tausi ulinyooka wenyewe, ukaipandisha kanga iliyoteleza begani mwa Bi Mwanakheri, ukaipapasa mara mbili, kama alivyofanya Athumani kila jioni kwa miaka arobaini.

Tausi aliurudisha mkono haraka. "Nisamehe, Bibi. Sikukusudia."

"Najua, mjukuu wangu."

Bi Mwanakheri aliivuta karatasi ya ridhaa, akatia sahihi bila kuisoma. Kisha akasogeza kiti chake karibu zaidi.

"Piga tena," alisema, huku akiiacha kanga iteleze taratibu begani.