Mwanga Katika Chumba cha Giza

Zamda alifika maabara, mkasi mkononi, tayari kukata majani ya utafiti wake. Akakuta taa za chumba cha giza zinawaka. Profesa Mbwiga, mkuu wake, alikuwa akipiga picha na wageni katikati ya miche ya mtama.

"Nani kawasha taa?" Zamda akauliza kwa ukali.

"Dakika chache tu, binti yangu. Wageni walitaka kuona."

"Dakika chache zinatosha! Mwanga ukigusa jani, vifungo vya salfa ndani ya protini zake hukatika, nalo huanza kutengeneza sukari. Nilitaka majani yaliyolala. Haya yameshaamka!"

Profesa akamvuta pembeni, akanong'ona, "Yakate hivyo hivyo. Andika yalikuwa gizani. Nani atajua?"

Hapo hasira zikampanda. Akaweka mkasi chini, akang'oa mche mmoja na mizizi yake, akamkabidhi Profesa mbele ya wageni.

"Andika wewe, Profesa, kwa jina lako."

Akang'oa mwingine, akampa. Profesa alisimama amekumbatia miche, udongo ukidondokea suti yake, huku Zamda akiendelea kung'oa.