Ulimi wa Marietha

"Tema," mzee Urbano alisema.

Marietha alikuwa ameshameza. Alijifuta midomo kwa ncha ya khanga, akaona aibu.

"Mwanangu, hapa hatunywi. Tunaonja. Weka mdomoni, izungushe, tema kwenye ndoo. Halafu uniambie umesikia nini."

Walikuwa uani kwa mzee huyo, eneo la Mandewa. Urbano alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha divai Dodoma. Alipostaafu alirudi Singida na mkewe Emiliana, na tabia ya kunusa kila kitu kabla hajakinywa, hata maji. Marietha, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alikuja siku moja, akaamkia, akaomba jambo ambalo hakuna jirani aliyewahi kumwomba mzee: afundishwe divai.

Sababu yake ilikuwa mumewe.

Mughwai alifanya biashara ya mafuta ya alizeti. Ndoa yao haikupata mtoto, na kwa muda mrefu alikuwa akiingia na kutoka nyumbani kama mpangaji. Ndugu zake wa Iguguno walishamwonyesha msichana mwingine, lakini ndoa ya kanisani ilimfunga. Kisha, baada ya mavuno, akabadilika. Kila Jumapili alifungua chupa ya divai nyekundu jikoni, akaleta mezani glasi mbili zilizokwisha kujazwa, yake na ya mkewe. "Kunywa," alisema. "Inaongeza damu."

Shida ni kwamba divai yenyewe ilimshinda Marietha. Kila funda lilimkunja uso. Mughwai hakukasirika. "Hujazoea tu. Maliza," alimwambia, na alikaa naye mpaka glasi ikaisha. Zamani hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Marietha aliogopa upole huo ungemchosha mumewe, ukaondoka kama ulivyokuja. Ndiyo maana alijifunza kwa siri.

Urbano alimfundisha kuinua glasi kwenye mwanga, kuinusa, kuipeleka pembeni mwa ulimi. Emiliana aliwasikiliza huku akichambua choroko.

"Sasa umesikia nini?"

"Inakausha ulimi. Kama nimetafuna pera bichi."

"Huo ni ukakasi. Ni wa ganda la zabibu na mbegu zake, usiuogope. Ukiuzoea utaupenda." Mzee alifurahi. "Una ulimi mzuri. Wengi huniambia tu ni kali."

"Lakini umekonda, mwanangu," Emiliana alidakia.

"Vidonda vya tumbo, mama. Hospitali wamenipa dawa."

Wiki zilipita. Marietha akaweza kutofautisha divai changa na iliyokomaa, kavu na tamu, akiwa amefumba macho. Kitu kimoja tu kilimsumbua.

"Mzee, ya nyumbani bado inanishinda. Ina uchungu huku nyuma, kooni."

Urbano alikunja kipaji. "Uchungu? Labda chupa ilikaa juani. Niletee kidogo niionje."

Akamletea chupa ya Jumapili iliyopita, ikiwa na divai iliyobaki. Mzee alinusa, akaonja, akatema, akaonja tena.

"Hii ni nzima kabisa. Tena ni divai nzuri, mumeo anajua kuchagua. Hebu na wewe."

Marietha alionja. Ukakasi ulikuwepo, na harufu ya zambarau, na joto dogo kifuani. Akasukutua kwa maji, akaonja tena. Uchungu haukuwepo.

Urbano alicheka, akapiga paja. "Umeona? Divai ni ileile. Ni ulimi wako uliokua! Sasa umefuzu, mwanangu, nenda ukanywe na mumeo."

Marietha aliinama, machozi yakamtoka.

"Imempanda kichwani," Emiliana alisema, akamletea maji.

Jumapili, baada ya misa, Mughwai alikuja kutoka jikoni na glasi zake mbili. Kabla hajakaa vizuri simu ikaita. Akatoka nayo barazani, maana ndani mtandao husumbua. Aliporudi alimkuta Marietha ameshaanza kunywa, taratibu, uso umetulia.

"Leo hata hukunji uso," alisema, akaonekana kuridhika.

"Nimejifunza."

"Si nilikwambia utazoea?" Mteja alikuwa anamngoja stendi, hivyo alichukua glasi iliyobaki na kuinywa kwa mkupuo. Akaanza kutafuta funguo za gari.

Marietha alimtazama akipekua mifuko. Alitaka sana awe amekosea.

"Mume wangu," alisema, "ulipokuwa kwenye simu nilizibadilisha glasi. Uliyokunywa ni yangu."

Mughwai hakuuliza kwa nini. Alikimbilia uani, akapiga magoti, akajitia vidole kooni.

"Maziwa!" alipiga kelele. "Marietha, niletee maziwa! Upesi, nakufa!"