Vanila ya Pilipili

Siku harufu ilipotoweka, Mama Pilipili alidhani ni mafua. Alinusa kipande cha sabuni, akaipata harufu yake. Alinusa dawa ya madoa, ikamchoma pua. Akarudi chumbani, akafungua tena kopo la biskuti na kuzamisha uso mzima katika kitambaa cha kichwa cha marehemu binti yake.

Pamba tupu.

Akakaa sakafuni.

Kitambaa hicho alikikuta kwenye msumari nyuma ya mlango, homa ilipokuwa imeshamchukua binti. Mama Pilipili ni dobi, anafua nguo za nusu ya mtaa, lakini hicho hakijawahi kuonja maji. Miaka minne, kila jioni, alifungua kopo, akavuta pumzi moja ya vanila, akafunika. Harufu ile ile iliyokuwa ikimkera yeye mama wakati binti akiwa hai, hata akamwambia ananukia kama keki iliyosahauliwa mezani.

Wifi yake aliwahi kushangaa inavyodumu.

"Hata harufu yake kaidi, wifi," alisema. "Mwenyewe ulimwambia nenda, akakaa. Ukamwambia kaa, akaenda."

Walicheka hadi wakalia.

Mumewe hakucheka wala hakulia. Fundi viatu yule hakudondosha chozi hata kaburini. Wageni wa msiba hawajamaliza kutawanyika, nyundo yake ikaanza kugonga visigino barazani. Mama Pilipili hakumsamehe. Alimpikia, alimfulia, lakini mazungumzo yao yalibaki ya chumvi na sabuni.

Tangu kiharusi kimwangushe fundi, hata hayo yalikwisha. Ulimi ulilala, mkono wa kulia ukalala. Ukabaki wa kushoto, nao kazi yake ilikuwa kuonyesha sanduku la vifaa lililokaa pembeni. Kila mkewe akiingia, kidole kwenye sanduku. Lilinuka gundi na ngozi, na tangu aolewe hakuwahi kulifungua.

"Viatu vya watu vitasubiri," alikuwa akimwambia. "Umelala hoi, bado unawaza soli."

Asubuhi iliyofuata kidole kilipoinuka, alikipa mgongo. Alimwomba wifi yake amkalie mgonjwa, akakunja kitambaa, akaenda mjini.

Alizunguka duka baada ya duka. Kila aliyeomba vanila alipewa chupa nzuri yenye harufu ya uongo: moja pipi, nyingine maziwa ya mtoto. Muuzaji mmoja alimpulizia hata kabla hajakubali, akatoka pale ananukia arusi ya watu asiowajua. Jua lilikuwa utosini alipofika kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akichanganya manukato kwa mkono wake. Huyu hakumwonyesha chupa yoyote. Alimuuliza kwanza ni ya nani.

"Ya binti yangu."

Yule mama alichagua kichupa kilichokaribia kukauka, akachovya kijiti, akakipitisha chini ya pua ya mgeni wake. Mama Pilipili akashika meza.

"Hii. Nipe yote uliyo nayo."

"Ndiyo yote hiyo, dada yangu, iliyo kwenye kijiti. Ilikuwa imebakiwa na mteja mmoja tu. Alipoacha kuja, sikuagiza vanila tena."

Mama Pilipili alimsihi. Alijitolea kumfulia nguo zake na za watoto wake mpaka mmoja kati yao wawili afe. Mwenye kibanda alimwonea huruma, lakini huruma haijazi kichupa, kwa hiyo akampa maneno.

"Binti yako lazima alikuwa mpole. Mchanganyiko huu hauchukuliwi na wapiga kelele. Ni wa mtu asiyejua kusema kilicho moyoni, akabaki kukisema kwa mikono."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Mama Pilipili alikaribia kucheka.

"Mwanangu? Tulimwita Pilipili. Alikuwa anagombana hata na mvua."

"Basi pua yangu imezeeka," alisema mwenye kibanda. "Maana huyo mteja wangu ndivyo alivyo. Hajawahi kubembeleza bei, hajawahi kuvuka salamu. Anapokea, anafunga kwenye kitambaa, anaondoka."

Mama Pilipili hakuwa akisikiliza tena. Alirudi kwa miguu, kitambaa kifuani, kama mtu anayetoka kuzika mara ya pili.

Wifi yake alipoondoka, alibaki amesimama katikati ya chumba. Kitandani, mkono wa kushoto ukainuka. Kidole kwenye sanduku. Safari hii kilifuatana na mguno, na jasho usoni.

"Unalitaka sanduku?" alisema kwa sauti ya chini. "Mwanao hukumlilia, unalilia nyundo?"

Alilikokota hadi kitandani, akafungua kifuniko na kulipindua juu ya godoro, mbele ya macho ya mumewe. Zikamwagika nyundo, sindano, misumari, vipande vya ngozi. Mwisho kikaanguka kiatu kimoja kisicho na mwenzake, na kutoka ndani yake kikaviringika kichupa kidogo, pacha wa kile cha kibandani, kizibo kimelegea.

Kabla hajakiokota, chumba kizima kilinukia vanila.

Siku hizi mwenye kibanda anaagiza tena. Kila Jumamosi mke hukishika kitambaa kwa mikono miwili, na fundi hukidondoshea tone moja, kwa mkono wa kushoto.