Kimoja Baada ya Kingine

Babu yake alichonga milango ya mahakama, na milango hiyo ingali inafungika bila kukwaruza. Baba yake aliunda meza walizotilia saini wakubwa wa mji. Yeye mwenyewe, seremala wa tatu katika ukoo usiowahi kusutwa na mtu, alikuwa amesimama pekupeku juu ya mizani ya zahanati, na muuguzi aliyelingana umri na mjukuu wake akimsomea uzito kwa sauti.

"Kilo mia moja na kumi na mbili, babu. Na sukari imepanda."

Benchi zima la wagonjwa lilisikia. Mzee aliinama kutafuta viatu vyake, asivione kwa sababu ya tumbo.

Muuguzi alimwuliza anakula na kunywa nini. Alijibu kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyefumaniwa na mkono ndani ya chungu: soda kila adhuhuri, chai ya vijiko vitano vya sukari, maziwa mazito ya kopo, mkate uliokaangwa kwa mafuta ya mgando, mvinyo mtamu kila jioni, na chumvi isiyopimwa. Muuguzi hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimshauri asiviache vyote kwa mkupuo, maana angevirudia kwa mkupuo. Aache kimoja kila baada ya miezi miwili.

"Bandu bandu huisha gogo," alisema. "Wewe fundi wa mbao unalijua hilo kuliko mimi."

Tatizo lilikuwa stoo. Seremala alinunua vitu kwa jumla, kama marehemu baba yake, na stoo ilikuwa imejaa hadi darini. Mkewe alipopendekeza wawagawie majirani, alikataa katakata. Jirani akipewa kreti ya soda atauliza sababu. Akiijua sababu, kesho yake mji mzima utasema seremala ameshindwa na kijiko. Kuvirudisha dukani ilikuwa aibu ile ile, imebadili nguo tu. Na kutupa hakukuwa na nafasi kwa mtu ambaye katika karakana yake hata kipande cha ubao cha urefu wa kidole kilikuwa na kazi. Alimwamuru mkewe kwamba kisitoke kitu mlangoni, wala kisiende jalalani.

"Haya, baba watoto," alijibu mkewe, ambaye kwa miaka arobaini na sita hakuwa amempinga hata mara moja.

Soda ilitangulia kuondoka, na kichwa kikamgonga wiki nzima. Ikafuata sukari; akawa anakunywa chai huku amefumba macho, kama anayemeza dawa ya minyoo.

Maziwa ya kopo yalimdhalilisha. Asubuhi moja mkewe alimkuta nyuma ya mlango wa stoo, kidole kimezama ndani ya kopo, masharubu meupe. Mzee alidai kwamba alikuwa akichunguza kama yameharibika. Mkewe hakucheka. Alilichukua kopo mkononi mwake taratibu.

"Niachie mimi hilo," alisema.

Siku nzima mzee hakuweza kumtazama usoni. Alijiona mwizi ndani ya nyumba aliyoiezeka kwa mikono yake.

Mafuta yaliondoka bila vita. Mvinyo ulipigana. Siku za mwanzo mkono ulimtetemeka hata randa ikachimba shimo katika mlango wa mteja, mwalimu mmoja mstaafu, ambaye aliurudisha. Mlango kurudishwa! Jambo hilo halikuwahi kutokea kwa baba yake, wala kwa babu yake. Aliufunika kwa turubai ili wapita njia wasiuone.

Mkewe naye hakuwa tena yule wa kumtia moyo kwa mizaha. Alichoka mapema, akaketi kila mara karibu na mtungi wa maji, akapeleka magauni yake kwa mshonaji yakapanuliwe kiunoni. Mzee alimtania kwamba uzee umemfundisha uvivu, na kwamba mmoja akipungua na mwingine akinenepa, nyumba haijapata hasara. Mkewe alicheka kidogo, akajifuta jasho.

Chumvi ilikuwa ya mwisho. Mwaka ulipotimia, mzee alivaa koti lake la heshima, akaenda na mkewe zahanati awe shahidi.

Kilo themanini na tisa. Sukari ya kawaida. Muuguzi alimpa mkono kwa furaha, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima seremala aliinua kichwa mbele ya benchi lile. Kijana mmoja hapo alikuwa na chupa ya soda mkononi. Mzee alisimama wima mbele yake.

"Nyinyi vijana, sikilizeni mkiambiwa. Mimi niliviacha vyote sita, kimoja baada ya kingine, wala sikumsumbua mtu."

Muuguzi, maadamu mama amefika, akamwomba naye apimwe. Alimchoma kidole, akatazama kipimo. Akakifuta, akamchoma kidole kingine. Tabasamu likamtoka. Akavuta kiti karibu na kumwuliza kwa upole siku hizi anakula nini, na anakunywa nini.

Mama hakumtazama muuguzi. Alimgeukia mumewe, macho yamejaa aibu.

"Stoo imebaki chumvi tu, baba watoto," alisema. "Nivumilie hadi mwisho wa mwezi."